Mbele ya Juri, Baba Akiwa Ziwani

Vijana wanaojiandaa kuhojiwa kwenye shule kubwa za biashara huja nyumbani kwangu kuniuliza mtu anaingiaje mbele ya juri, lile jopo la watahini. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nawaambia: gonga mlango, ngoja uitwe, usikae mpaka uambiwe ukae, usijikune kichwa, na wakikuuliza umefanya nini na umepata nini, sema. Wanacheka. "Mama, hiyo tu?" Ndiyo, hiyo tu! Wanadhani kusema ni kazi nyepesi. Hawakulelewa na wazazi wangu.

Sisi tulikuwa watu wa kaskazini ya ziwa. Baba alishuka Kalemie akiwa kijana, akifuata samaki, akajenga karibu na ufuko, akaingia kanisani mpaka akawa shemasi. Alikuwa na chombo chake cha kuvulia ndakala, wale samaki wadogo kama dagaa, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na taa za karabai mbele, na wanaume wa kwao waliopiga kafi naye. Na katika chombo kile kulikuwa na sheria iliyopita sheria zote: mtu wa majini hataji alichopata. Wangeweza kurudi asubuhi chombo kimezama nusu kwa uzito wa samaki, ukiwauliza "Mumepata?" wanakujibu, "Mboga tu." Yaani kitu kidogo cha kusindikizia ugali. Hata wanunuzi waliosimama pale pale wakiona makapu yanashuka walijua hawapaswi kuuliza zaidi.

Chombo kikiwa majini, sheria ilikuwa kali zaidi, maana ilitufunga na sisi tuliobaki nchi kavu. Faida ya chombo haitajwi mpaka wote wamekanyaga mchanga. Mimi nilifundishwa kwa kufinywa. Nilikuwa bado mdogo, nikajisifu kwa watoto wa jirani pale kwenye bomba la maji kwamba baba yangu ameleta ndakala wengi sana, na leo ataleta tena. Mama alinivuta sikio mpaka nyumbani, akanifinya paja, huku machozi yanamtoka yeye, si mimi. "Unataka wasirudi?" ndilo neno alilokuwa akilirudia. "Unataka wasirudi?"

Mchungaji aliwahi kuhubiri dhidi ya jambo hilo, akaliita upagani. Baba, shemasi mzima, alikaa benchi la mbele akaitikia amina kwa sauti kubwa. Tulipofika nyumbani akasema, "Kuomba naomba, na kinywa nafunga. Mungu hakukataza mutu kunyamaza." Tulicheka sana siku ile. Lakini hakuna aliyethubutu kuvunja.

Basi mimi nilisoma mkondo wa biashara sekondari, nikapata diploma ya Leta, yaani ya serikali, na mwaka ule shule moja ya juu ya biashara huko Lubumbashi ilitangaza kwamba itatuma watu wake Kalemie kuwahoji waliotaka kuingia. Hapo ndipo roho yangu ilipokwenda yote. Miguu ya mama ilikuwa imevimba kwa muda mrefu, hawezi tena kusimama ufukoni, kwa hiyo kuuza samaki wa baba kulikuwa mikononi mwangu. Nilikuwa nawaona wafanyabiashara wakinunua kwetu, wanapakia magunia kwenye treni ya Kabalo, wanakwenda nayo mpaka Lubumbashi, halafu wanarudi wamenawiri, saa mpya mkononi, wanatuita "wavuvi wangu". Wavuvi wako! Nilikuwa nawaka. Nilitaka kujua samaki wetu wanageuka nini kule mwisho wa reli, na kwa nini sisi tunabaki pale pale.

Baba mdogo hakuwa na habari na hayo. Alikuwa amenitafutia kazi ya daktilo, kupiga mashine ya kuandika, katika biro moja, yaani ofisi, huko Kabimba kwenye kiwanda cha simenti, na mkubwa wa biro alikuwa ameshakubali, ananingoja. "Wakikupokea Lubumbashi, uende," alisema mbele ya baba. "Wakikukataa, unapanda lori ya Kabimba, na mambo ya shule yaishe." Baba akakubali. Nikakubali na mimi, ningefanya nini? Nilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. Ukifungwa, basi, nitapiga barua za watu wengine mpaka nizeeke.

Aliyenitayarisha ni mwalimu wetu wa hesabu za biashara, mtu wa Kiambi, mbali na ziwa, mwembamba, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliweka meza na kiti uani kwake, akakaa yeye, akajifanya juri, na mimi nikawa natoka nje ya ua na kuingia tena, natoka na kuingia tena, majirani wananichungulia juu ya ukuta.

"Unatazama chini kama uko mbele ya mukwe," aliniambia. "Mimi ni mukwe wako? Macho yangu yakikuogopesha, tazama paji la uso. Tena usiseme haraka hivyo. Nani anakufukuza?"

Hayo nilijifunza. Tulipofika kwenye kazi ndipo tulipokwama.

"Sitwayen," akaanza, akiniita raia kama wakubwa walivyoita watu wakati ule, "umefanya nini katika biashara?"

"Nauza samaki wa baba yangu."

"Na hiyo kazi imeleta nini?"

"Mboga tu."

Akaweka kalamu chini. "Mboga! Toka nje, uingie tena." Nikatoka, nikaingia. Akauliza lile lile, nikajibu lile lile. Si kwamba nilimfanyia ukaidi. Mdomo ulikuwa unakwenda wenyewe. Mara ya mwisho alisimama. "Nyinyi watu wa ziwa muko namna gani? Kwetu Kiambi mutu akivuna muhogo, anaita jirani aje kuona na macho yake!"

"Kwenu munavuna mahali ambapo shamba haliwezi kuwameza," nikamjibu.

Nilijua nimevuka mpaka, maana yeye ni mwalimu wangu. Lakini hakunifokea. Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Mwanangu," alisema, "wale watu hawatashuka ufukoni kukuchungulia ukifanya kazi. Usiposema, kwao haukufanya kitu. Nenda, uzungumze na Papa yako."

Nilimkuta baba uani anashona wavu, mama kando yake ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nikaeleza. Baba hakuinua uso, mkono wake ukaendelea na sindano.

"Ni lazima useme?"

"Ni lazima, Papa."

"Utasema na Kifaransa?"

"Na Kifaransa."

"Ziwa linasikia Kifaransa vilevile," mama akaingilia, wala hakuwa anatania.

Baba akashona mafundo mengine. Mwishowe akasema, "Siku ile sitakuwa majini. Jioni ya kuamkia siku hiyo chombo kitalala muchangani. Utasema yote, hata ukitaka utie chumvi." Nikapiga magoti nikamshika mkono, naye akaniambia niondoke, nawafukuzia usingizi wa alasiri, wakati hakuna aliyekuwa amelala.

Wanaume wa chombo hawakufurahi. Mkubwa wao, yule aliyekaa nyuma na kushika mwelekeo, mtu aliyetoka kijiji kimoja na baba na kushuka naye Kalemie, alisema waziwazi mbele yangu: "Tulale bila kazi sababu ya mudomo wa mutoto?" Lakini mwenye chombo alikuwa baba, na walimheshimu. Jioni ile chombo kikabaki mchangani peke yake, vyombo vya watu wengine vikiingia majini. Mimi nililiona jambo hilo, nikaona aibu, na papo hapo nikafurahi.

Asubuhi nikavaa kikwembe cha mama cha ibada, kitenge chake kizuri kuliko vyote, nikapanda mlimani kwenye ile shule walikotuita. Makandida wengine, wenzangu waliokuja kuhojiwa, wamekaa kwenye ngazi, mlango umefungwa. Mlinzi anatuambia kwa raha zake: "Treni ya juri imekufa upande wa Kabalo. Murudi kesho."

"Kesho itafika?"

"Mimi njo mashini ya treni?"

Nikarudi nyumbani. Watu waliovua usiku ule walikuwa wamejaza ufuko mzima. Hawakusema neno, lakini harufu ya ndakala ilikuwa inasema kwa ajili yao. Ilipofika jioni, wanaume wa chombo wakaja wamesimama mlangoni, yule mkubwa wao mbele.

"Papa shemasi," alimwambia baba, "jana tulikaa. Leo pia?"

Baba alinitazama. Nilitaka aseme ndiyo, leo pia. Nilitaka sana. Lakini nyuma ya wale wanaume nilikuwa nawaona wake zao na sufuria zao, na sikuweza kufungua kinywa.

"Hiyo treni tunaijua," baba akasema. "Ikikufa Kabalo, inachukua siku zake. Twende." Na kweli, watu wote wa Kalemie wangekwambia hivyo hivyo. Akachukua koti lake la mvua. Wanaume walikuwa wameshatangulia; pale mlangoni, mbele ya mama na mimi, akageuka. "Kama wakifika..." alianza, kisha akaacha, akatoka.

Kumbe walifika. Asubuhi kulipopambazuka, habari ilikuwa imeenea mji mzima: treni iko stesheni, juri imelala hoteli, wanaanza saa mbili. Na asubuhi hiyo hiyo ule upepo wa kusini wa kiangazi ulikuwa umeamka kabla yetu. Ziwa lilikuwa jeupe kwa povu. Vyombo vilivyokuwa karibu vilirudi, watu wanashuka wamelowa, wanatetemeka. Cha baba hakikuwamo. Nilishuka na kikwembe kile kile cha ibada, nikauliza kila mtu. Mmoja akasema waliona taa zake mbali, upande wa kaskazini, kabla ya upepo. Mwingine akasema hakuona kitu.

Mama alikuwa ameshuka ufukoni kwa miguu yake ile. Alisimama na wake wa wale wanaume, wamejifunga vikwembe kiunoni, macho yao majini. Mwalimu wangu akaja anahema. "Juri imeanza! Unafanya nini hapa?"

"Siendi," nikamwambia.

Mama akageuka. "Utakaa hapa ufanye nini? Utaogelea uwalete? Nenda."

"Mama, na nikiulizwa?"

Alinitazama. Nilingoja. Nilingoja aseme usithubutu, au aseme sema tu mwanangu, lolote, nimwachie yeye mzigo ule. Hakusema. Aligeuza uso wake kwenye maji, na wale wanawake wengine wote walikuwa wanatutazama. Nikaondoka na mwalimu. Nilimchukia mama kwa kimya kile, njia nzima ya mlimani nilimchukia.

Kwenye veranda ya shule makandida wamekaa kwenye benchi. Kijana mmoja mwenye abakosi mpya, ile suti isiyovaliwa tai, alikuwa anakariri majibu yake kwa midomo, mikono juu ya magoti. Akaitwa, akatoka anatabasamu. Nikaitwa mimi.

Niligonga, nikangoja, nikaingia, nikasalimu, nikasimama mpaka nikaambiwa nikae. Yote ya mwalimu niliyafanya. Walikuwa watatu. Katikati prezida wa juri, mwenyekiti wao, mtu mnene, abakosi ya kijivu, uso wa mtu ambaye amelala vibaya kwenye treni. Kulia kwake kijana anayeandika. Kushoto mama mmoja, profesa, kitambaa kirefu kichwani. Na nyuma yao dirisha, na ndani ya dirisha ziwa lote. Aliyepanga kile chumba alinionea. Kila nilipotaka kumtazama prezida paji la uso, juu ya kichwa chake naliona lile povu.

Tulizungumza Kifaransa. Aliuliza kwa nini biashara, nikamweleza habari ya magunia na treni, na wale wanaorudi na saa mpya. Nilisema vizuri, nilijisikia nasema vizuri. Yule mama alitabasamu. Kisha prezida akaegemea kiti.

"Bon. Na wewe mwenyewe, sitwayen, umefanya nini?"

"Nauza samaki wa baba yangu."

"Umepata nini?"

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kitu cha kula, Papa."

Akashusha pumzi. Hakuwa mbaya, naweza kusema hivyo leo. Alikuwa amechoka. "Sitwayen, samaki kila msichana wa ufuko huu anauza. Sisi tunatafuta mtu aliyeuza na akafikiri." Akafunga dosie yangu, lile faili lililokuwa mbele yake. "Asante. Tuitie mwingine." Kijana akaweka kalamu, akainuka kwenda mlangoni.

Na mimi nimekaa. Miguu haikuinuka. Nililiona lori la Kabimba kama liko mbele ya mlango wetu, injini inawaka.

"Ngoja kidogo," yule mama akamwambia kijana. Akaniinamia juu ya meza, akaacha Kifaransa, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi, "Mwanangu, uko na woga ya nini?"

"Papa yangu iko ku maji," nikasema. "Hajarudi. Na kwetu, mutu akiwa ku maji, hatusemi chombo chake kimeleta nini."

Wote watatu wakageuka wakatazama dirisha. Prezida ndiye aliyerudi kwanza, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Unataka kwenda? Nenda. Utarudi mwakani."

"Mwakani sitakuwapo, Papa."

"Basi utafanyaje? Juri haiwezi kuandika kitu ambacho haikusikia."

Nani alisema akili ya shule inaondoa woga? Kwa akili ya shule nilijua kabisa kwamba upepo ule hauna habari na mimi, kwamba uliamka kabla sijafunga kikwembe changu. Mwili wangu haukujua. Masikioni nilikuwa namsikia mama, unataka wasirudi, unataka wasirudi. Nikinyamaza, na baba akarudi mzima, atakuta binti aliyekosa kila kitu kwa ajili yake, na hatanishukuru, maana hakuniomba. Nikisema, na asirudi, nitakaa vipi nyumba moja na mama? Nitamtazama wapi? Na hapo hapo, Mungu anisamehe, hasira ikanipanda. Hasira kwa treni, kwa yule mlinzi, kwa baba aliyesema twende, kwa mama aliyenigeuzia mgongo, kwa huyu mzee na "kila msichana wa ufuko". Kila msichana! Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku ile hasira ndiyo iliyonifungua mdomo. Ushujaa sikuwa nao.

"Tulipata, Papa," nikasema. "Tulipata sana."

Neno likatoka. Nilitazama dirisha, sijui nilitegemea kuona nini. Kisha nikasema yote, haraka, bila kupumua, mwalimu wangu angenifukuza. Nikamwambia kwamba wiki ya mbalamwezi taa hazivuti samaki, vyombo vinalala, na soko linabaki tupu. Kwamba zamani tulikuwa tunauza kila kitu asubuhi ile ile ya kuvua, wakati kila mtu anauza, na mnunuzi anatupangia anavyotaka. Kwamba mimi nilikataa. Nilikusanya wake wa watu wa chombo, tukakausha pamoja, tukaweka, tukangoja mwezi uwe mkubwa, na wale wafanyabiashara wa treni wakaja wenyewe kutubembeleza mlangoni. Nikamwambia mtumbwi mpya wa pili ulitoka hapo. Taa mpya zimetoka hapo. Mabati ya nyumba yetu, minerval, karo ya shule ya kaka zangu, dawa za miguu ya mama. Nilitaja kitu kimoja kimoja, na kila nilichokitaja nilikisikia kama nakitupa majini.

Prezida alikuwa ameifungua tena dosie. "Na wakati wa mvua? Samaki mliowaweka wakinyeshewa?"

"Walioza," nikasema. "Mwaka wa kwanza walioza wote. Wale wanawake walinitukana kwa muda mrefu. Sikuwa nimefikiria paa."

"Ukafanya nini?"

"Niliomba ghala la kanisa."

Akacheka kidogo, puani. Aliuliza mengine, juu ya gharama, juu ya kugawana, hata nikasahau kutazama dirisha. Nilipokumbuka kwamba nimesahau, nilitaka kujipiga kofi. Mwishowe alimtazama yule mama, yule mama akatikisa kichwa kukubali, na kijana akaandika.

"Umepokelewa. Treni yetu inarudi kesho," prezida akaniambia. "Ukiweza, panda nayo. Chumba cha wasichana kinajaa haraka."

Nilisema asante. Sikusikia furaha hata kidogo, nawaambia ukweli. Nilitoka, nikampita mwalimu wangu kwenye veranda bila kumjibu, nikavua viatu, nikashuka mlima mbio na kikwembe cha ibada nimekipandisha kwa mkono.

Ufukoni walikuwa wamesimama vilevile. Mama aliniona nakuja, akanisoma usoni, akafumba macho. Hakuniuliza. Nikasimama kando yake, nafasi kidogo kati yetu, na hatukusogeleana. Jua likapanda, likapita kichwani. Upepo ukatulia kidogo kidogo. Nilikuwa naomba na najua kwamba naomba nikiwa nimechelewa.

Walikuja kutoka nyuma yetu, kwa barabara. Tulikuwa tunatazama maji, na mwanamke mmoja akapiga kelele, tukageuka. Lori la simenti lilikuwa limesimama juu, na wanaume wetu wanashuka, weupe wote kwa vumbi, nguo zimechanika, makafi mabegani. Baba alikuwa wa mwisho, anachechemea. Walikuwa wote. Mama alikaa chini kwenye mchanga pale pale, kwa uzito, akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikakimbia, nikamshika baba shati, nikashindwa kumwachia.

Upepo ulikuwa umewatupa kwenye mawe ya upande wa Kabimba. Mitumbwi yote miwili ilipasuka. Nyavu, taa, vyote vimekwenda. Waliogelea na makafi yao, wakapanda barabarani, lori likawabeba. Baba alieleza hayo kwa maneno machache, wake wakiwafuta waume zao vumbi. Kisha yule mkubwa wa chombo akanitazama. Alinitazama kikwembe, akanitazama miguu isiyo na viatu.

"Treni ilifika?" aliuliza.

"Ilifika."

"Uliingia mbele yao?"

"Niliingia. Wamenipokea, treni ni kesho."

"Na ulisema."

Nilifungua kinywa.

"Mimi njo nilimuambia aseme," baba akasema.

Tulimgeukia. Alikuwa ameegemea kafi lake, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. "Jana, pale mulangoni. Nilimuambia, wakifika, sema yote. Yeye alitii. Kama ni kosa, ni la kwangu."

Mama aliacha kulia. Yeye na mimi tulikuwa tumesimama pale mlangoni jana, tunajua alichosema na alipokatiza. Ukiacha ile "mboga tu" ya ufukoni, baba yangu hakuwahi kusema uongo mbele yetu, hata wa kumtuliza mtoto. Nilitaka kupiga kelele kwamba si kweli, lakini aliniangalia kwa namna iliyonifunga mdomo.

Yule mkubwa wa chombo hakutukana. Kwao mtu akiacha chombo cha mwenzake hagombani. Anashusha kafi lake miguuni mwa mwenye chombo, basi, imekwisha. Alimtazama baba kwa muda mrefu, mtu waliyekua naye, waliyeshuka naye Kalemie. Akainama, akaweka kafi lake kwenye mchanga mbele ya miguu ya baba, akamshika mke wake mkono, akaondoka. Akafuata wa pili. Wakafuata wengine wote, mmoja baada ya mwingine.

Baba alibaki ameyatazama. Halafu akapiga goti moja, lile lisilouma, akaanza kuyakusanya. Nikainama haraka kumsaidia, nikashika moja.

"Wacha," akaniambia, akalichukua mkononi mwangu. "Nenda ufunge mizigo. Wewe uko na treni."